Darubini: Usihadaiwe na 'mara 500'

IWAPO mtoto wako amekuwa akikusihi umnunulie darubini ya kutazamia mwezi na nyota, huenda umeona madukani boksi lenye maandishi makubwa: 'Hukuza mara 500!' Kabla hujatoa pesa zako, ni vyema ujue jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi.

Anza na jaribio rahisi. Chukua lenzi ya mkono, ile ya kusomea maandishi madogo. Mchana, simama karibu na ukuta unaokabili dirisha, weka karatasi nyeupe ukutani na ushike lenzi mbele yake. Isogeze polepole mbele na nyuma. Mara utaona dirisha limejichora karatasini, likiwa dogo na juu chini.

Kumetokea nini? Miale ya nuru inapopita kwenye kioo kilicho kinene katikati, hupinda. Miale yote itokayo sehemu moja ya dirisha hukutana tena mahali pamoja upande wa pili wa lenzi, na hapo ndipo taswira hujengeka. Kitu kikiwa mbali sana, kama vile mwezi, umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye taswira huitwa umbali wa fokasi.

Hivyo ndivyo ifanyavyo lenzi ya mbele ya darubini. Tuseme umbali wake wa fokasi ni milimita 700. Mwezi mzima utajichora ndani ya bomba ukiwa na upana wa milimita 6 hivi, karibu sawa na unene wa kalamu ya risasi.

Utauliza, kukuza kuko wapi basi? Hiyo ni kazi ya lenzi ndogo ya jichoni. Jaribu kusoma gazeti hili likiwa sentimita 2 tu kutoka kwenye jicho lako. Utaona ukungu mtupu. Lenzi ya jichoni huliwezesha jicho kuitazama ile taswira kwa karibu kiasi hicho, nayo huonekana kubwa.

Hesabu yake ni ya kugawanya tu. Lenzi ya jichoni ikiwa na fokasi ya milimita 20, 700 gawanya kwa 20 ni 35: darubini inakuza mara 35. Ukitia ya milimita 10, itakuza mara 70. Kwa hivyo, kuongeza tarakimu kwenye boksi si kazi ngumu.

Tatizo ni nuru. Nuru ile ile ikitandazwa kwenye taswira kubwa zaidi, taswira hufifia, kama chai iliyoongezwa maji: kikombe kimejaa, ladha imetoweka. Nuru huletwa na upana wa lenzi ya mbele. Gizani, mboni ya jicho hufunguka kufikia milimita 7 hivi. Lenzi yenye upana wa milimita 60 hukusanya nuru zaidi ya mara 70 ya hiyo. Hata hivyo, ukiikuza taswira yake kupita mara 120 hivi, huoni jipya ila ukungu.

Kumbuka kwamba Januari 1610, Galileo Galilei wa Italia aliziona satelaiti nne za sayari ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi tu.

Basi ukifika dukani, uliza upana wa lenzi ya mbele, kisha utikise miguu ya darubini uone kama ni imara. Na mwezi ukionekana juu chini, usiirudishe ukidhani ni mbovu.

Mwisho, mwonye mtoto asiielekeze kamwe kwenye jua. Lenzi ya mkono huchoma karatasi. Darubini itapofusha jicho mara moja, na jicho haliuzwi dukani.