Fundi wa Mitambo ya Hewa Maabarani Naye Alindwe

Makohozi ya mgonjwa yanapoandaliwa maabarani ili kuotesha vimelea vya kifua kikuu, kazi hiyo hufanyika ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia. Kabati hilo huvuta hewa kutoka upande wa mtaalamu kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde, ili chembe zinazoruka zisimfikie usoni. Hewa hiyo hupita kwenye vichujio vya HEPA, vinavyonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikrometa 0.3. Hivyo mtaalamu hulindwa, na sampuli ya mgonjwa hulindwa isichafuliwe.

Lakini kilichonaswa hakitoweki. Hubaki kwenye kichujio, kwenye feni na katika nafasi iliyo nyuma ya ukuta wa kabati. Siku feni inapokwama au kichujio kinapoziba, huitwa fundi. Yeye ndiye anayelifungua kabati kwa upande ule ambao uchafu umekusanyika, na aghalabu si mtu wa maabara hiyo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini vimelea havionekani kwa macho, na fundi asipoambiwa hana namna ya kujua.

Hatari zenyewe ni za aina tatu. Ya kwanza ni vimelea. Wapo wanaodhani kwamba kupangusa kabati kwa spiriti, au kuwasha taa ya urujuanimno, kunatosha kulifanya salama kwa fundi. Haitoshi. Spiriti husafisha pale kitambaa kinapofika, na mwanga huua vimelea pale unapoangaza. Vyote viwili havifiki ndani ya kichujio.

Ya pili ni kemikali. Makabati ya kuvuta mvuke huupeleka hewani kupitia mabomba na dohani iliyo juu ya paa. Fundi anayetengeneza feni huko juu huweza kuvuta mvuke huo ikiwa kazi inaendelea chini. Tena, pale asidi ya perkloriki inapochemshwa katika kabati lisilo na mfumo wa kuosha mabomba, chumvi zake huganda ndani ya mabomba na huweza kulipuka zikigongwa au kusuguliwa. Ya tatu ni hatari za kila fundi: umeme, feni inayoanza kuzunguka ghafla, na kuanguka kutoka juu ya paa.

Kumkinga fundi, basi, huanza kabla hajafika. Mkuu wa maabara anapaswa kumpa hati iliyoandikwa na kutiwa saini, inayoeleza vimelea na kemikali zilizotumika katika kabati, namna lilivyotakaswa, tarehe, na jina la aliyelitakasa. Pale sehemu zilizochafuka zitakapofunguliwa, kabati hutakaswa kwanza kwa gesi au mvuke unaoua vimelea, na wanaofanya hivyo wawe wamefunzwa. Fomaldehidi, inayotumika kwa kazi hiyo, yenyewe ni sumu na inaweza kusababisha saratani. Kwa hiyo chumba hufungwa, na gesi huondolewa kabisa kabla ya mtu kuingia.

Kisha shughuli zote zinazotegemea mtambo huo husimamishwa, na tangazo hubandikwa mlangoni. Umeme hukatwa, swichi hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa fundi mwenyewe. Fundi huvaa glavu, koti na barakoa ya N95 iliyopimwa kumkaa vizuri usoni. Barakoa hiyo huzuia chembe, wala haizuii mvuke wa kemikali. Kichujio kilichotolewa hutiwa ndani ya mfuko, hufungwa, na hutupwa kama taka hatarishi. Mwisho, kabati hupimwa na kuthibitishwa kabla ya kutumiwa tena. Upimaji huo hufanyika pia walau mara moja kwa mwaka, na kila kabati linapohamishwa.

Umuhimu wa kuandika unaonekana katika mkasa wa Sverdlovsk, katika Muungano wa Kisovyeti, mwezi Aprili 1979. Mbegu za kimeta zilivuja kutoka katika kituo cha kijeshi na kuua watu wasiopungua 66. Ken Alibek, mwanasayansi aliyewahi kuwa kiongozi katika mpango wa silaha za vimelea wa nchi hiyo, alieleza baadaye kwamba kichujio kilichoziba kilikuwa kimeondolewa. Kikaratasi kiliachwa, lakini habari haikuingizwa katika daftari la zamu, na zamu iliyofuata ikawasha mtambo. Maabara ya hospitali si kiwanda cha silaha. Hata hivyo, daftari la makabidhiano lina kazi ileile popote kichujio kinapoguswa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Fundi naye ana haki ya kuuliza, na kuuliza si ujinga: asipopewa hati, asifungue kabati. Akipata kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, aende kituo cha afya na aeleze kazi anayoifanya. Nawe tabibu, usiishie kuandika «fundi» katika faili. Muulize anatengeneza nini, na wapi.

Na kwako mgonjwa: ukiambiwa kwamba majibu yatachelewa kwa sababu kabati linatengenezwa, jua kwamba haraka ya siku hiyo ingeweza kumfanya fundi naye awe mgonjwa, aje kusubiri majibu yake katika benchi hilohilo ulilokalia.