Dawa ya waswasi: Majuma ya mwanzo ndiyo mtihani

Malalamiko yaliletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti hapa Ulyankulu wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kununua kwa madumu. Waumini walisema kwamba ndugu yetu mmoja, fundi cherehani, humaliza madumu mawili kwa udhu wa Swala moja, na mara nyingine imamu hutoa salamu yeye bado yuko nje akiosha mkono uleule. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, nikatumwa nikazungumze naye.

Nakiri kwamba nilikwenda na jibu langu tayari. Nilimwambia azidishe dhikri, ajikinge kwa Allah na shetani, asome Suratun-Naas. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Ustadhi, hayo yote nayafanya. Nikimaliza kusoma napata shaka kama nimesoma sawasawa, basi nairudia sura tangu mwanzo, mpaka wenzangu wametoka msikitini.” Nilirudi nyumbani sina la kuandika katika muhtasari.

Baadaye mkewe alituambia kwamba hali hiyo ina miaka. Kisomo kimefanyika, makombe yamenywewa. Mimi na kaka yake tukafuatana naye hadi hospitali mjini Tabora, daktari akamsikiliza kwa kirefu, akampa dawa. Nilidhani kazi imekwisha. Siku ya nne shemeji akanipigia simu: mumewe anatapika, halali, na mikono inamtetemeka hata uzi haupiti katika tundu la sindano. Majirani wamekwisha kusema kwamba jini amekasirishwa na vidonge, naye yuko tayari kuvitupa chooni. Ameniruhusu niyaeleze haya ili wengine wafaidike, mradi nisimtaje jina.

Waswasi ulio maradhi

Kila mja hupitiwa na waswasi. Je, nimesoma Fatiha? Rakaa ni tatu au nne? Huja, ukaenda zake. Ulio maradhi hauendi. Wazo la shaka au la kuchukiza humjia mtu bila kuliita, humng'ang'ania na kumtia dhiki, naye hujiona analazimika kutenda jambo ili atulie: kuosha tena, kuhesabu tena, kuuliza tena, kurudi kuangalia kufuli. Utulivu huo hudumu kitambo kidogo, kisha shaka hurejea na nguvu zaidi. Mwenyewe kwa kawaida anajua kwamba amepita kiasi, ndiyo maana huona haya na kujificha. Huu si upungufu wa imani. Mara nyingi maradhi haya hushika kile ambacho mtu anakithamini zaidi, na kwa mcha Mungu hicho ni ibada yake.

Wanazuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Katika sehemu ya nafsi aliutengea waswasi mlango wake, mbali na hasira, hofu na huzuni. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, aliandika risala ya kuwaonya wenye waswasi katika tohara na Swala. Mmoja alitazama kwa jicho la tabibu, mwingine kwa jicho la mwanafiqhi. Mgonjwa wetu anayahitaji macho yote mawili.

Maudhi hutangulia, nafuu hufuata

Dawa zinazotumika zaidi kwa maradhi haya ni zile zinazogusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Miongoni mwake ni fluoksetini na sertralini, pamoja na klomipramini, dawa ya zamani zaidi ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Si vileo, wala hazimfanyi mtu awe mtumwa wake kama pombe au bangi.

Jambo ambalo kila familia ingefaa iambiwe siku ile ya kwanza ni hili: maudhi madogo madogo ya dawa hizi hutokea ndani ya siku chache, lakini nafuu huchelewa. Mara nyingi huhitaji majuma 6 hadi 12, tena kwa dozi iliyopandishwa hatua kwa hatua. Fluoksetini kwa mtu mzima huanza kwa kawaida na miligramu 20 kwa siku, na kwa maradhi haya huweza kufikishwa 60. Anayepanga hayo ni daktari, si mgonjwa wala muuza duka la dawa. Haba na haba hujaza kibaba; ubongo nao hupewa muda wa kuzoea.

Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mgonjwa ameonja uchungu wa dawa na hajaonja utamu wake. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo majirani huanza kusema. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka na misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo wasingefika pwani lau wangeihukumu safari kwa malengelenge ya siku ya tatu.

Maudhi ya kawaida ya fluoksetini na nyenzake ni kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuharisha, kukosa usingizi, kutotulia, jasho na mikono kutetemeka. Wengine huona hofu yao ikizidi kidogo siku za mwanzo kabla ya kupungua. Klomipramini huelekea zaidi kukausha kinywa, kufunga choo, kuleta usingizi na kizunguzungu. Mengi kati ya haya hupungua baada ya juma moja hadi matatu.

Yako mambo mepesi ya kusaidia. Dawa ikileta kichefuchefu, imezwe baada ya chakula. Ikiondoa usingizi, inywewe asubuhi. Ikileta usingizi, daktari aombwe aihamishie usiku, na mgonjwa asiendeshe pikipiki mpaka ajue hali yake. Kinywa kikikauka, apige funda la maji mara kwa mara. Choo kikifunga, ale mboga, mapapai na maembe, anywe maji ya kutosha. Mikono ikitetemeka au moyo kutotulia, apunguze kahawa na chai kali. Ikishindikana, dozi huweza kupunguzwa kisha kupandishwa polepole zaidi. Ndivyo daktari alivyofanya kwa fundi wetu tulipompigia simu, na vidonge havikwenda chooni.

Maudhi yanapogusa ibada

Hapa pana jambo ambalo daktari anaweza asilione, nasi watu wa msikitini tunapaswa kuliona. Maudhi ya dawa huweza kuangukia palepale waswasi unapouma. Mtu anayehangaika na tohara anapoharisha, shaka zake hupata chakula. Ndugu yetu alibadili kanzu mara tano siku moja.

Fiqhi imempa njia nyepesi. Yakini haiondolewi na shaka. Aliyetia udhu kwa yakini yuko na udhu mpaka apate yakini kwamba umetenguka, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye shaka hiyo asiiache Swala yake. Kuosha kiungo mara tatu ndiyo ukamilifu. Zaidi ya hapo si uchaji. Na ambaye kweli hawezi kuzuia kinachomtoka ana hukumu ya mwenye udhuru: hujisafisha, hutia udhu baada ya wakati kuingia, kisha huswali, wala haulizwi kinachomtoka ndani ya Swala. Imamu ampe jibu hili mara moja tu, kwa ufupi. Akirudi kuliuliza mara ya kumi, kumjibu tena ni kuulisha ugonjwa. Aambiwe kwa upole: “Umekwisha kujibiwa, ndugu yangu, kaswali.”

Mwenye kizunguzungu ainuke polepole kutoka katika sijda, ashike ukuta, na akihofia kuanguka aswali amekaa. Aliyepitiwa na usingizi wa dawa akakosa Alfajiri aswali aamkapo, wala asijiite mnafiki.

Kuhusu Ramadhani, aende kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa daku au baada ya futari. Lakini aliye katika majuma ya mwanzo, anayetapika au kuharisha, ni mgonjwa kama wagonjwa wengine ambao Qur'ani imewapa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kuacha dawa ghafla ili kufunga ni kujitia katika madhara. Hata nje ya Ramadhani, kukatisha dawa hizi kwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasira na kukosa usingizi, na waswasi hurejea.

Kuna na jambo la ndani ya nyumba, nalo halina budi kusemwa kwa heshima yake. Dawa hizi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kulichelewesha. Mke asidhani kwamba moyo wa mume umehamia kwingine, wala mume asidhani hivyo kwa mkewe. Ni maudhi ya dawa, na daktari ana njia za kuyapunguza akiambiwa. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya isiyomwambia tabibu ukweli huvunja nyumba.

Ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Subira ina mipaka. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa akivimba uso au kutokwa na upele mwingi, akianguka kifafa, akizirai au moyo kwenda mbio, akishindwa kukojoa, au akitetemeka sana pamoja na homa na kuchanganyikiwa. Vilevile akianza kuchangamka kupita kiasi, halali wala hachoki, anagawa mali yake ovyo.

Zaidi ya yote, familia isikilize maneno yake. Katika majuma ya mwanzo, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, dawa hizi huweza kuandamana na fikra za kujidhuru. Akisema amechoka kuishi, asihubiriwe kwanza. Asiachwe peke yake, dawa zishikwe na mtu mwingine, apelekwe kwa daktari siku ileile.

Kila anapotibiwa maradhi mengine ataje dawa anazotumia. Kwetu Tabora malaria haituachi, na dawa ya mseto huweza kugongana na klomipramini katika mwendo wa moyo. Tramadoli huweza kuleta hatari ikichanganywa na dawa za jamii hii, na diklofenaki au ibuprofeni pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu. Mja mzito na anayenyonyesha asianze wala asiache bila ushauri.

Kisomo na kidonge

Baadhi ya wasomaji watauliza kama kumeza kidonge ni kukosa tawakkul. Mtume (s.a.w.) alitibiwa, na aliwahimiza umma wake kutafuta dawa. Kisomo cha Qur'ani kiendelee, nacho ni kheri. Kinachokatazwa ni mwenye kusoma kumwamuru mgonjwa aache dawa, au kumpa mizizi isiyojulikana juu ya vidonge. Kutapika kwa siku ya nne si dalili ya jini kuondoka wala kukasirika. Ni maudhi yaliyokuwa yakijulikana tangu awali, na lau tungeambiwa mapema tusingetishika.

Kidonge nacho hakitoshi peke yake. Mgonjwa hufundishwa kuikabili shaka bila kurudia tendo: birika moja, basi; takbira moja, basi, hata moyo ukipiga kelele. Dawa humpunguzia kelele hizo ili aweze kujifunza. Familia imsaidie kwa kuacha kumjibu maswali yaleyale, imhesabie siku za dawa, na irudi hospitali kabla vidonge havijaisha, hasa masika ambapo barabara yetu ya kwenda Tabora huwa tope. Anayeanza aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe rufaa. Mkoani tuna Hospitali ya Kitete, na Dodoma iko Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Fundi wetu alianza kuona tofauti katika juma la tisa. Mikono ilikuwa imekwisha kutulia kabla ya hapo. Siku hizi hutia udhu kwa birika moja, siku nyingine mawili, na huingia safuni kabla ya rakaa ya kwanza kwisha. Bado anameza dawa, na daktari amemwambia ajiandae kuendelea kwa mwaka au zaidi. Bado shaka humjia. Tofauti ni kwamba sasa aweza kuiacha ipite.

Kamati ilipokutana tena, nilifuta lile neno “malalamiko” katika muhtasari, nikaandika azimio: muumini yeyote wa msikiti wetu atakayeanza dawa za maradhi ya nafsi atembelewe na watu wawili katika juma la kwanza, tena siku ya nne isipite. Ingekuwa vyema misikiti mingine nayo ikalijadili hilo.

Wabillahi tawfiq.