Tangi la kigari cha mtoto likipasuka, usikimbilie sabuni

Je, msomaji mpendwa, mjomba aliye ng'ambo amemletea mwanao kile kigari kinachoongozwa kwa rimoti? Sisemi kile cha betri, bali kile chenye injini ya kweli, kinachonguruma na kufuka moshi hadi majirani wakachungulia dirishani. Ikiwa unaishi Kitengela au Kajiado, bila shaka umekwisha kuona jinsi mawe ya barabara zetu za mitaani yanavyokitesa. Kigari huruka, huanguka kichwa chini, na siku moja unakuta tone la mafuta chini yake. Tangi limepata ufa, na duka la vipuri vyake haliko karibu.

Hapo kila mtu mzima nyumbani atakuwa na dawa moja: sabuni. Dereva yeyote wa barabara ya Namanga atakuambia kwamba tangi la gari likitobolewa na jiwe karibu na Isinya, unachukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia, unaikandamiza kwenye ufa mpaka ishike, kisha unaendesha polepole hadi kwa fundi mjini Kajiado. Ni kweli hufaa kwa muda, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni.

Lakini kigari hiki hakinywi petroli. Mafuta yake ni methanoli, yaani aina ya spiriti, iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya kulainisha injini. Spiriti huyeyusha sabuni. Utapaka asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana kiraka kimegeuka ute. Na supaglu je? Nayo si kitu, maana nitromethani ni miongoni mwa vitu vinavyotumika kuibandua gundi hiyo hiyo.

Usiseme, "Ufa ni mdogo, acha kidonde." Tangi la kigari hiki hupokea pumzi kutoka bomba la moshi kupitia mpira mwembamba, na pumzi hiyo ndiyo inayosukuma mafuta hadi kwenye kabureta. Ufa ukiwa hata juu kabisa, pasipovuja tone, pumzi hutoroka. Injini hupata mafuta haba, na kwa kuwa kilainishi kimo ndani ya mafuta hayo hayo, hupata joto kupita kiasi na kukwama. Hapo utakuwa umepoteza injini kwa kuhurumia tangi.

Hilo ni la mfuko. La uhai ni zito zaidi. Moto wa methanoli hauonekani kwa urahisi mchana, hasa chini ya jua kali la nyanda za Kajiado. Mtoto anaweza kukishika kigari kinachowaka asijue kinawaka. Isitoshe, methanoli ni sumu. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, wengine walipofuka. Kwa hiyo mtu asiyavute mafuta hayo kwa mdomo, hata kwa mzaha. Tumia bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, kutoka duka la dawa.

Basi, ufanyeje? Ngoja injini ipoe, toa mafuta yote, kisha ling'oe tangi. Lioshe kwa maji ya sabuni mara kadhaa (hapa ndipo sabuni ina kazi) na uliache wazi nje siku nzima likauke. Kisha ziba matundu yake yote isipokuwa moja, lizamishe ndani ya karai la maji na usukume hewa kwa lile bomba. Mapovu yatakuonyesha ufa ulipo. Mara nyingi huwa penye masikio ya skrubu au shingoni karibu na kifuniko.

Toboa kitundu chembamba kila mwisho wa ufa ili usiendelee kurefuka. Paruza kwa msasa, kisha paka ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, na ulaze kipande cha kitambaa chembamba juu yake. Iache hadi kesho yake. Nasema wazi kwamba plastiki ya matangi haya huteleza kama ya mtungi wa maji, na gundi haing'ang'anii sana. Mimi nisingeitegemea zaidi ya mchezo wa alasiri moja.

Kilicho bora ni kumtafuta yule fundi anayeziba makarai na mitungi kwa chuma cha moto. Huyeyusha ukanda wa plastiki ya aina ile ile hadi ikaungana na tangi. Lakini asiguse tangi ambalo bado linanuka mafuta, na watoto wakae mbali. Kisha rudia lile jaribio la karai.

Siku ya kujaribu, nenda kwenye changarawe, wala si nyasini. Wafugaji wa huku wamepoteza mifugo mingi katika ukame wa 2009 na ule wa 2022. Hawatacheka malisho yakiteketea kwa ajili ya mchezo. Weka ndoo ya maji karibu. Tofauti na petroli, methanoli huchanganyika na maji, hivyo maji mengi huuzima moto wake.

Na mjomba akiuliza alete nini Desemba, mwambie tangi jipya. Asibebe mafuta, kwani hayaruhusiwi ndani ya mizigo ya ndege za abiria. Mpe namba ya kigari kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake, maana matangi yanayofanana kwa macho hayalingani mashimo ya skrubu.