Majaribio ya uigizaji: Kipaji pekee hakitoshi

Nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii ingewafaa sana vijana wanaotoka Thika na Ruiru kwenda Nairobi kujaribu bahati katika majaribio ya uigizaji, au odisheni kama wanavyoyaita wenyewe. Wengi wana kipaji, lakini aghalabu huanguka hata kabla ya kufungua kinywa.

Chukua mfano wa binti wa Kihunguro, Ruiru, aliyeagizwa kufika saa tatu asubuhi. Anapanda matatu saa mbili, akiamini kwamba barabara kuu ya Thika ni ya kasi. Pale Githurai anakuta msongamano wa magari. Anaingia ukumbini saa nne kasoro robo, jasho likimtiririka, na neno lake la kwanza ni kumlaumu dereva. Mwelekezi wa mchezo hasemi kitu, ila moyoni ameshakata shauri: huyu atatuaibisha siku ya onyesho.

Basi kanuni ya kwanza ni kufika mapema, angalau nusu saa. Anayetoka Makongeni, Thika, ana safari ya kilomita 40 hivi na hana budi kuondoka alfajiri.

Pili, vaa nguo safi na za kawaida, zinazokuruhusu kupiga magoti au kuketi sakafuni bila wasiwasi.

Tatu, soma mchezo wote, si maneno yako tu. Makundi yanayozunguka shuleni kuigiza tamthilia za kutahiniwa, kama ilivyokuwa Kigogo cha Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, huigiza mbele ya wanafunzi wanaojua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Huwezi kuwadanganya.

Nne, msalimu mlinzi langoni na anayeandika majina. Zima simu. Mwenzako anapoigiza, usicheke wala kunong'ona.

Zamu yako ikifika, taja jina lako na uanze. Ukisahau maneno, omba kurudia mara moja, bila hadithi ndefu. Ukiambiwa, "Hebu fanya tena kwa hasira," usibishane. Huenda mwelekezi anapima kama unaelekezeka. Ukimaliza, sema asante na uondoke. Usiulize, "Nimepita?"

Na ukikosa? Lupita Nyong'o, aliyetuzwa Oscar mwaka wa 2014, alichaguliwa miongoni mwa wanawake zaidi ya 1,000. Je, wale wengine wote hawakuwa na kipaji? La hasha! Nafasi ilikuwa moja.

Lakini adabu si utumwa. Wapo matapeli wanaodai "ada ya fomu" ama kumwita msichana peke yake usiku katika chumba cha hoteli, wakisema hayo ndiyo majaribio. Kijana aliyefunzwa kutii wakubwa huona haya kukataa. Hapo ndipo wengi huumia.

Wakazi wa kaunti ya Kiambu wana mfano mwema wa kuigwa. Mwaka wa 1977 katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi. Majaribio na mazoezi yalifanyiwa uwanjani, mchana, wanakijiji wakitazama na hata kusahihisha. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo Novemba mwaka huo huo, lakini funzo lake lingalipo: kazi ya jukwaani ni ya kuonwa na watu, kwa hiyo majaribio yake hayana sababu ya kufichwa.

Mzazi, mwanao akikuaga kwenda kwenye majaribio, usimkaripie kwamba anapoteza wakati. Mwulize ni ukumbi gani, saa ngapi na nani amewaita. Ikiwezekana, mtafutie mwenzake wa kumsindikiza. Nawe kijana, ukiulizwa maswali hayo ukakosa jibu, vua viatu ubaki nyumbani. Majaribio mengine yatakuja.