Fomu Inayogoma Kwenye Baadhi ya Simu

Kwenye kompyuta ya ofisini fomu ya tovuti inakwenda vizuri. Mteja naye anapiga simu kulalamika kwamba kila akigusa "Tuma" hakuna kinachotokea. Wengi humjibu abadilishe kivinjari. Kabla ya kumsumbua hivyo, tafuta jibu la swali moja: alichotuma kilifika kwenye seva au hakikufika?

Mwombe ajaribu tena mkiwa bado mnaongea, kisha fungua logi za seva na utafute mstari wa POST wa dakika hiyo. Usipokuwapo, fomu imekwama kwenye simu au njiani. Ukiwapo, simu imemaliza kazi yake na kasoro iko upande wako.

Ikiwa hakuna kilichofika, mshukiwa wa kwanza ni JavaScript. Kivinjari husoma faili zima la msimbo kabla ya kulitekeleza, na kikikuta sarufi kisichoijua hulikataa lote, pamoja na sehemu zisizo na kosa. Mfano ni alama ya (?<= inayotumika katika kanuni za kukagua maandishi, kwa mfano namba ya simu au barua pepe. Chrome inaielewa tangu 2017, lakini Safari iliipokea katika toleo la 16.4, Machi 2023. iPhone 7 iliishia kwenye iOS 15, kwa hiyo humo alama hiyo moja inatosha kukifanya kitufe kiwe pambo. Kuweka Chrome kwenye simu hiyo hakusaidii, kwa sababu Apple ililazimisha vivinjari vyote vya iPhone vitumie injini ileile ya Safari, WebKit. Ililegeza sharti hilo 2024, tena kwa nchi za Umoja wa Ulaya.

Tarehe nazo zina mtego wake. Ukiandika 2024-05-01 10:00 kwa kuacha nafasi katikati, Chrome huisoma, ilhali matoleo mengi ya Safari huiona si tarehe halali. Weka herufi T mahali pa nafasi hiyo.

Makosa ya namna hii hayaonekani kwenye kioo cha simu. Kwa Android, iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha fungua chrome://inspect. Kwa iPhone utahitaji Mac yenye Safari. Kosa litaandikwa kwa rangi nyekundu, pamoja na namba ya mstari.

Ikiwa POST ilifika, angalia picha zilizoambatishwa. PHP isiporekebishwa hupokea faili lisilozidi MB 2, na fomu nzima isiyozidi MB 8. Picha chache za kamera ya simu hupita kiwango hicho cha fomu nzima kwa urahisi, na hapo PHP hutupa hata majina yaliyojazwa. Mteja aliyejaza kila kitu anaambiwa "jina linahitajika". Wewe hukuliona hilo kwa kuwa ulijaribu na kipicha kidogo.

Kagua pia kama fomu imepachikwa ndani ya tovuti nyingine. Tangu Machi 2020 Safari huzuia vidakuzi vya tovuti ya pili, hivyo tokeni ya usalama inayotegemea kidakuzi hupotea na seva hukataa ombi.

Kinga ya mengi kati ya haya ni kuijenga fomu kwa HTML tupu kwanza, iwe na anwani inakotumwa na kitufe halisi cha kutuma. JavaScript ije baadaye kurahisisha ujazaji, na ukaguzi wa lazima ufanywe na seva. Msimbo wa mapambo uweke kwenye faili lake, ili ukikwama ukwame peke yake. Mpango huu huwafaa pia watumiaji wa Opera Mini wanaobana bando, maana katika hali yake ya ubanaji mkali JavaScript huwekewa mipaka mikali. Kabla ya kukabidhi kazi, zima JavaScript kwenye kivinjari chako, jaza fomu, tuma. Isipofika kwenye seva, usiikabidhi bado.