Augustino wa Hippo: Bingwa wa Kalamu Kutoka Afrika

Wapange mababa wa Kanisa walioandika kwa Kilatini, upime maandishi yao yaliyosalia. Anayeongoza, tena kwa mbali, ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Ndiye huyo ambaye chuo kikuu kule Mwanza kimepewa jina lake. Rekodi zake hizi hapa.

1. Maandishi mengi kuliko wote

Yamesalia maneno zaidi ya milioni 5! Makala unayosoma ina maneno yapata 450. Ukisoma moja kama hii kila siku, bila kuruka hata Krismasi, utamaliza kazi zake baada ya miaka 30.

2. Upadre wa haraka

Alibatizwa na Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387. Baadaye alirudi Afrika, akawa anakwepa miji isiyo na askofu, asije akakamatwa na kusimikwa. Hippo alikwenda bila wasiwasi kwa sababu askofu alikuwepo, mzee Valerius. Lakini Valerius alikuwa anatafuta padre. Mwaka 391 waumini wakamshika Augustino kanisani, wakampeleka mbele, naye akilia. Ubatizo hadi upadre: miaka 4. Siku hizi seminari kuu peke yake huchukua zaidi ya hapo! Kufikia 396 alikuwa askofu.

3. Kitabu kilichomkalisha mezani

Mwaka 410 Wavisigothi waliteka na kupora Roma, na wapagani wakawatupia Wakristo lawama. Augustino akajibu kwa *Mji wa Mungu*, vitabu 22, kuanzia 413 hadi 426. Miaka 13 inamtosha mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha sita.

Hata hivyo, kwa urefu *Mji wa Mungu* unashika nafasi ya pili. Wa kwanza ni ufafanuzi wake wa Zaburi zote 150. Zaburi ya 119, yenye aya 176, aliikwepa mpaka mwisho kabisa, na alipoishika ikatoa hotuba 32.

4. Mahubiri marefu zaidi

Katika makanisa ya Afrika ya wakati ule askofu alihubiri ameketi, waumini wakisikiliza wamesimama. Siku moja ya Mwaka Mpya, wapagani wakiwa kwenye sherehe zao, Augustino aliwashikilia watu wake kwa zaidi ya saa mbili. Mechi ya mpira yenye dakika 30 za nyongeza ingekuwa imekwisha. Makarani waliandika kila neno kwa hati mkato, ndiyo maana tunayo.

5. Mdahalo mkubwa

Karthago, Juni 411. Maaskofu Wakatoliki na wale wa Wadonato, Wakristo waliojitenga nao, jumla yao takriban 570, walikutana kumaliza mgawanyiko wa karne nzima. Kuwasafirisha leo kungehitaji mabasi tisa ya abiria 65. Augustino alikuwa msemaji hodari wa upande wake, na upande wake ulishinda.

6. Ukaguzi mkali kuliko wote

Rekodi hii ndiyo ninayoiheshimu kupita zote. Akiwa na miaka zaidi ya 70, Augustino alisoma upya kazi zake 93, zenye vitabu 232, akiandika hadharani palipomridhisha na alipokosea. Wakati huohuo alikuwa akimjibu mpinzani wake Julian wa Eclanum. Kazi moja aliifanya mchana, nyingine usiku.

Alifariki Agosti 28, 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo. Hakuacha wasia, kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha. Aliagiza tu maktaba ya kanisa itunzwe. Rafiki yake Possidius aliorodhesha vitabu, barua na mahubiri yake, akafikisha 1,030.

7. Yaliyochelewa kufika

Mwaka 1990 mtafiti Mfaransa François Dolbeau alitambua mahubiri 26 ya Augustino katika hati ya karne ya 15 huko Mainz, Ujerumani. Mengine yalikuwa hayajulikani kabisa, mengine yalijulikana vipande tu. Ni miaka 1,560 tangu mhubiri afariki! Yale marefu ya Mwaka Mpya yalikuwa humo. Na katika orodha ya Possidius bado yamo mahubiri mengi ambayo hayajapatikana.