Uhalali wa Mwenyekiti na Kura ya Kilwa

Mgogoro wa uongozi uliokikumba Chama cha Wananchi (CUF) kati ya 2015 na 2019 uliamuliwa Dar es Salaam, lakini uliwagusa moja kwa moja wapiga kura wa mwambao wa Lindi, kwa kuwa mwaka 2015 majimbo ya Kilwa Kusini, Kilwa Kaskazini na Mchinga yalichukuliwa na wagombea wa chama hicho, ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya UKAWA, ushirikiano wa vyama vinne vya upinzani vilivyomsimamisha mgombea mmoja wa urais.

Chanzo kilikuwa barua. Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti baada ya UKAWA kumpokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka chama tawala, CCM, kuwa mgombea wake wa urais, na Juni 2016 akaandika kutengua uamuzi huo kabla mkutano mkuu, wenye mamlaka ya kumchagua, haujaketi kuipokea barua ya kwanza. Mkutano ulipoketi Agosti, ukaridhia aondoke katikati ya vurugu. Hata hivyo Msajili wa Vyama vya Siasa alimtambua kuwa mwenyekiti halali, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua vivyo hivyo, ndipo Maalim Seif Sharif Hamad, katibu mkuu aliyempinga Lipumba, na wafuasi wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo.

Hapa pana uhalali wa aina mbili: wa kisheria, yaani kufuatwa kwa taratibu zilizoandikwa, na wa ridhaa, yaani kukubalika kwa kiongozi mbele ya wanachama wake. Lipumba alipata wa kwanza. Wa pili hautolewi na hakimu.

Tofauti hiyo ingebaki ya vitabuni kama si Ibara ya 71 ya Katiba ya Muungano, inayomvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, hivyo anayeshika muhuri wa chama hushika pia hatima ya kiti. Wabunge 8 wa viti maalumu waliionja Julai 2017, walipofukuzwa uanachama na upande wa Lipumba. Selemani Bungara wa Kilwa Kusini, maarufu Bwege, yeye alijiunga na ACT-Wazalendo katika mwaka wa uchaguzi wa 2020, Bunge lilipokuwa likifikia mwisho.

Zanzibar, ambako tangu 2010 serikali ya mseto imewekwa na katiba yenyewe, ACT-Wazalendo iliingia serikalini Desemba 2020. Mpiga kura wa Kilwa hana kinga ya namna hiyo, ya chama chake kubaki serikalini hata kinaposhindwa: Oktoba 2020 majimbo yote matatu yalitangazwa kwenda CCM.